Kabla ya Kugusa Diski

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inayoshika nafasi yake inadai chipu ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi zilizo nzima zikaachwa nje ya mlango. Kwetu jambo hili lina uzito wake, maana laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue ni mitumba iliyokwisha kutumikia ofisi za ng'ambo: ThinkPad, Latitude, EliteBook, mashine ngumu ambazo bawaba zake bado hazijalegea. Mwenye mashine ya aina hiyo huambiwa "weka Linux tu", kana kwamba ni kubandika stika. Linux yenyewe ina wapambe wa kutosha; ninayetaka kumsifu ni mgeni anayeichagua na kuiweka vizuri. Wengi hudhani ustadi wake ni kukariri amri za kuandika kwenye skrini nyeusi. Mimi naona ni ustadi wa kubagua hatua zinazorudishika na zisizorudishika, kisha kuzipanga ili ile ya hatari ije mwisho, maswali yakiwa yameshajibiwa.

Kuchagua ndiko kunakotisha watu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo, kikaungana na zana za mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Kwa kuwa msimbo uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuufungasha upya apendavyo. Ndivyo zilivyopatikana Debian mwaka 1993, Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, na Linux Mint iliyojengwa juu ya Ubuntu mwaka 2006. Uhuru huohuo ndio uliowawezesha watu wa mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004 bila kusubiri kampuni fulani ione faida. Wakosoaji husema wingi huu ni vurugu. Kwa anayeanza, maswali mawili hupunguza orodha upesi: mashine ina RAM kiasi gani, na toleo litahudumiwa mpaka lini? Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka 2 na kulihudumia kwa miaka 5 bila malipo. Mwenye RAM ya GB 4 atapumua zaidi na Mint yenye Xfce, sura nyepesi isiyo na mapambo. Mwenye GB 8 anaweza kuchukua Mint yenye sura ya Cinnamon au Ubuntu ya kawaida. Chini ya sura hizo vitu vinafanana mno, kwa hiyo mabishano ya mashabiki kuhusu toleo lipi ni bora yanaweza kupuuzwa bila hasara.

Kisha faili la ISO, lililobeba mfumo mzima, hupakuliwa, na kwa anayenunua bando GB 3 si mchezo. Mwenye haraka huliandika kwenye flashi papo hapo. Fundi hukagua kwanza alama ya SHA256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 uliochapishwa na watengenezaji: ukifanana na ule kompyuta inaoukokotoa, faili limefika zima. Intaneti ikikatika katikati na faili likaingia na kasoro, mfuatano unabadilika wote, kosa linaonekana likiwa bado halijamdhuru mtu. Baada ya hapo kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi, na mfumo mzima unafanya kazi huku diski ya ndani haijaguswa. Hapa ndipo ningependa mgeni akae sana. Aunganishe Wi-Fi, acheze sauti, achapishe ukurasa mmoja, afunge kifuniko na kukifungua aone kama mashine inaamka. Kadi za Wi-Fi za Broadcom, kwa mfano, zina sifa mbaya ya kuhitaji dereva la ziada. Afadhali kulijua hilo leo.

Zamu ya diski hufika mwisho. Nyaraka ziwe zimenakiliwa kwenye diski ya nje, na kama Windows inabaki kando, ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, wenye tarakimu 48 uwe umehifadhiwa mahali pengine. Skrini ya kisakinishi huonyesha majina makavu kama sda, sdb au nvme0n1, ambayo hayamwambii mgeni kitu, na flashi yenyewe inaweza kuwemo humohumo. Cha kusoma ni ukubwa: wa GB 16 ni flashi, wa GB 256 ndiko maisha ya mtu yaliko.

Watu watasema hii ni kazi ya wasio na shughuli, kwa kuwa fundi wa mtaani ataweka Windows ya kukreki kwa bei ya soda chache. Ni kweli, na atamaliza mapema. Ila programu za kukreki mara nyingi hudai antivirasi izimwe kwanza, na mwenye kompyuta hawezi kujua ni nini kilichopitishwa mlango ukiwa wazi. Pingamizi zito zaidi ni la programu. Anayeishi kwa Photoshop, au mhasibu mwenye mafaili ya Excel yaliyojaa makro, hatafurahishwa na programu mbadala kama LibreOffice, na kumshawishi vinginevyo ni kumdanganya. Lakini majaribio ya flashi yangemfunulia hilo mapema, naye angechomoa flashi na kuendelea na Windows yake. Mtu aliyejaribu akaamua kutosakinisha ameifanya kazi hii sawasawa na aliyesakinisha.

Kwa aliyesakinisha, Mint inakuja na Timeshift, inayopiga picha ya mfumo ili sasisho likiharibu kitu urudi ulikokuwa. Iwashwe siku ileile, kabla mikono haijaanza kuchokonoa. Kwa kawaida huhifadhi mfumo tu na kuacha nyaraka na picha za mtumiaji, kwa hiyo ile diski ya nje bado ina kazi.