Asili kwa Kilo

Katika orodha za vyakula za miji yetu hakuna neno lililochoka kuliko asili. Nimelikuta Dodoma, eneo la Kikuyu, si mbali na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mkahawa: nyama choma ya asili. Maneno hayo yanastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo mishororo ya shairi.

Tuanze na sarufi. Kiswahili sanifu husema nyama ya kuchoma. Mjini hiyo "ya ku" imedondoka, nami siililii, kwani lugha ya sokoni hupunguza mzigo. Linalosikitisha ni kwamba kitenzi kuchoma kimewameza nduguze. Kubanika ni kuiweka nyama karibu na moto ikaiva taratibu, na ndivyo ilivyoandaliwa ile niliyoletewa: chumvi tu, makaa, na subira. Ufundi wa mpishi ulikuwa mpana kuliko msamiati wa ubao wake.

Ama neno asili, hapo ndipo penye hoja. Ugogo ni nchi ya mvua chache, ya uwele, mtama na ng'ombe. Chakula cha kila siku cha Wagogo ni ugali kwa mlenda, mboga inayochumwa wakati wa mvua na kukaushwa kwa ajili ya kiangazi. Ng'ombe alikuwa mahari, akiba na kifungo cha ukoo. Peter Rigby aliuandikia uhusiano huo kitabu kizima mwaka 1969. Kwa kawaida hakuchinjwa kwa kuwa mtu ana njaa, bali kwa kuwa watu wamekusanyika, na kila fungu la nyama lilikuwa na mwenyewe. Mkahawani fungu hupimwa kwa mizani, na mwenyewe ni yeyote aliye na fedha.

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na mji kutangazwa jiji mwaka 2018, wageni wamekuwa wengi, na kila mmoja anatamani kuionja nchi aliyofikia. Anapewa karamu na kuambiwa ndiyo desturi. Kwenye ubao ule mlenda haukuandikwa.

Atasemaye kuwa mapokeo hubadilika amesema kweli. Kachumbari iliyokaa pembeni ya sahani ina jina la Kihindi, na nyanya na pilipili zake chimbuko lake ni Amerika. Nasi wa visiwani tusicheke, maana bata wetu mkubwa tunamwita bata bukini, na Bukini ni jina la kale la Madagascar. Lakini jina hilo angalau linakiri kuwapo kwa bahari na safari. Asili, kama ilivyoandikwa pale, haikiri lolote, inauza tu.

Ningekuwa na chaki, ningeandika nyama ya kubanika, na mstari wa pili, ugali wa uwele kwa mlenda. Bei asiibadilishe. Mgeni atakula vilevile, ila atajua yuko kwa nani.