Kodiani Isiyompisha Mwimbaji

Miezi minne sasa nakaa kwenye veranda yetu hapa Nyali, kodiani kifuani, nikiutafuta "Muhogo wa Jang'ombe". Vidole nilivipata mapema. Video za intaneti zinakuonyesha kidole gani kiende wapi, na jirani mmoja alishaanza kuutambua wimbo. Nikajiona nimefika.

Kisha mzee wa ghorofa ya chini, mtu aliyekulia kwenye taarabu, akanisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Sasa wewe, mwimbaji ataimba saa ngapi?"

Swali hilo ndilo linalonifanya nizilaumu video zile. Zinamfundisha mpigaji kuifuata sauti ya mwimbaji tangu mwanzo hadi tamati, bila hata nafasi ya kumeza mate. Taarabu haikujengwa hivyo. Taarabu ni shairi kwanza. Ukitaka muziki usio na maneno, bashrafu ipo. Sikiliza Culture Musical Club, kikundi cha Unguja kilichoanzishwa 1958. Mwimbaji akiwa na neno lake, kodiani hujificha nyuma ya sauti yake. Akikata mshororo, ndipo fidla na kodiani huingia kumjibu, na jibu lenyewe laweza kuwa fupi kuliko guno.

Kule bara, kwenye mwomboko, mambo ni tofauti. Huko kodiani ndiyo mwenye ngoma: pamoja na mlio wa karing'aring'a, inawaongoza wachezaji, hatua mbili na kuinama. Ikijaza kila pengo, sawa tu, haimkatizi mtu.

Wapo wanaosema kodiani haifai taarabu kabisa, ati funguo zake haziwezi kuzigusa zile sauti za katikati ambazo udi unazipata bila taabu. Ni kweli haziwezi, labda fundi azikwangue ndimi zake ndani. Lakini mbona wanasahau mivukuto? Udi ukishapigwa, mlio unakufa wenyewe. Kodiani inavuta pumzi, inaishikilia, inaiachia polepole, kama anayeimba. Ndiyo maana inamjibu vizuri. Na ndiyo maana, wallahi, ni rahisi sana kumpokonya wimbo wake.

Siku hizi naweka rekodi ya Bi Kidude na kuacha mikono mapajani. Akinyamaza, navuta. Ubeti wa kwanza tunaelewana. Kufika wa tatu, bado namkata kauli.