Njia ya ndege katika wimbo wake

Acrocephalus palustris ni ndege mdogo wa kahawia, urefu wake sentimita 13 hivi, na hata akishikwa mkononi si rahisi kumtofautisha na ndugu yake Acrocephalus scirpaceus. Wapimaji hutazama unyoya wa pili mrefu wa bawa, ambao ukingo wake wa ndani una mkato: kwa scirpaceus mkato huo uko mbali zaidi na ncha. Makazi nayo husaidia, lakini Ulaya tu. Huko scirpaceus hujenga kiota chake kwenye matete yaliyosimama majini, na palustris kwenye magugu marefu yanayowasha kandokando ya mito na mitaro. Katika vichaka vya Afrika kigezo hicho hakifai kitu.

Kinachobaki ni sauti. Wimbo wa dume la palustris karibu wote ni mwigo. Mwaka 1979 Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha uchambuzi wa nyimbo zilizorekodiwa Ubelgiji, ambamo alitambua sauti za spishi 212: 99 za Ulaya na 113 za Afrika. Kwa wastani dume mmoja alibeba sauti za spishi 76, nyingi zikiwa za Afrika. Kazi hiyo ilidai sikio lililozoea mabara mawili. Aliyejua ndege wa Ulaya peke yao angesikia kelele tupu katika zaidi ya nusu ya wimbo.

Ndege huyu huokota sauti za majirani katika mwaka wake wa kwanza, kwanza alikozaliwa, kisha safarini, halafu hukoma kujifunza. Kwa hiyo wimbo huweka kumbukumbu ya mahali alipopita. Si kila mwigo una uzito sawa, hata hivyo. Shore anaimba karibu Afrika nzima, hivyo sauti yake haionyeshi njia. Cisticola bodessa, anayeishi kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ni ushahidi wa aina nyingine kabisa: akiigwa Ubelgiji, njia ya mashariki imejulikana.

Hoja hii ina udhaifu wake. Wimbo hautaji tarehe, na palustris anaweza kumwiga palustris mwenzake. Ndiyo maana pete za miguuni zilihitajika. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 wahamiaji wanaovutwa na taa za hoteli katika usiku wa ukungu usio na mwezi wamekuwa wakinaswa kwa nyavu, kupimwa na kuvishwa pete, na palustris ni miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi zaidi.

Ratiba ikapatikana. Palustris huondoka Ulaya kuanzia mwishoni mwa Julai, hupitia Mashariki ya Kati, hutua kwa miezi kadhaa Sudani na Ethiopia, hukatiza Kenya hasa Novemba na Desemba, kisha hukaa kati ya Zambia, Malawi, Msumbiji na Afrika Kusini hadi Machi au Aprili.