A Ndiyo Hufutika Kwanza
Mwongozo wa kupima michezo ya kusoma kwa watoto wa darasa la kwanza

Anayejua vyungu hanunui nakshi. Hukiinua chungu, hukigonga kwa kifundo cha kidole, kisha hutega sikio. Kikilia kama kengele, hulipa. Kikitoa mlio uliokufa, hukirudisha chini taratibu, maana kina ufa ambao jicho halijauona.

Michezo ya kufundishia kusoma nayo hugongwa. Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili nchini Tanzania ulipoelekezwa kwenye KKK mwaka 2015, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, mwalimu anatazamiwa kuwa na mfuko wa vizibo vya soda, kadi za manila, kamba ya kuanikia maneno na sinia la mchanga. Ni jambo jema. Lakini wengi wetu, walimu kwa wazazi, tunaishia kwenye nakshi. Tunasifu rangi, tunasifu picha, tunasifu jinsi watoto wanavyocheka. Kicheko kina thamani yake, ila hakituambii kama kuna aliyesoma.

Swali la kugongea ni moja, na ukilishika hutahitaji mengi mengine: je, mtoto anaweza kushinda mchezo huu bila kusoma? Akiweza, chungu kina ufa.

Mahali jibu linapovujia

Mtoto wa miaka sita au saba ni mwerevu kuliko zana nyingi anazotengenezewa. Ukimpa njia ya mkato ataipita, na wala hana kosa. Kazi yako unapopima mchezo ni kuitafuta njia hiyo kabla yake.

Chukua kadi zilizokatwa kwa meno ili "pa" na "ka" ziingiane na kuunda "paka". Zinapendeza mkononi. Sasa zigeuze, maandishi yaelekee chini, uziunganishe tena. Zimeingiana? Basi mtoto naye anaunganisha meno, hasomi. Zikate upya, zote kwa mkato mnyoofu.

Rangi huvujisha vilevile. Silabi za m zikiwa nyekundu zote na za b zikiwa buluu zote, mtoto aliyeambiwa atafute "mi" tayari ameshapunguziwa kazi. Picha ndiyo inayovujisha kuliko vyote: kadi yenye kikombe kikubwa na neno "kikombe" chini yake humfundisha kutaja kikombe, jambo analolijua tangu anatambaa. Funika picha kwa kiganja. Neno likipotea mdomoni mwake pamoja na picha, kadi haijafanya kazi. Fundi mzuri huweka picha nyuma ya kadi. Mtoto husoma kwanza, kisha hugeuza kujihakiki, na hapo hamhitaji mwalimu kumwambia amepata au amekosa.

Wimbo nao huvujisha. "Ba, be, bi, bo, bu" ina mdundo wake, na darasa zima linaweza kuuimba macho yakiwa dirishani. Vuruga mpangilio. Gusa "bo", halafu "be", halafu "ba". Darasa likinyamaza ghafla, umeusikia ule mlio uliokufa.

Kuhesabu mfuko wa vizibo

Vizibo vya soda ni zana bora kwa nchi zetu: havina gharama, havichaniki, na hutoa sauti tamu vikigongana. Ila mifuko mingi ya vizibo imehesabiwa vibaya. Mtu huandika a hadi z, kila herufi kizibo kimoja, akafunga mfuko.

Jaribu kuandika "baba na mama" kwa mfuko huo. Unahitaji a tano, b mbili, m mbili na n moja. Hutafika hata "baba". Kiswahili ni lugha ya irabu. Karibu kila silabi hufungwa kwa mojawapo ya a, e, i, o, u, na a huzidi zote kwa njaa. "Karatasi" peke yake hula a tatu. Kwa hiyo mfuko mzuri ukiumimina mkekani, irabu hurundikana kama punje za mahindi na konsonanti huonekana hapa na pale.

Kisha tafuta q na x. Ukizikuta, ujue aliyetengeneza alinakili alfabeti ya Kiingereza bila kufikiri, kwa kuwa Kiswahili hakizitumii. Tafuta pia c iliyo peke yake. Kwetu c haitembei bila h, hivyo fundi mzoefu huandika "ch" kwenye kizibo kimoja, na hufanya hivyo hivyo kwa sh, th, dh, gh na ny. Mwisho, tafuta ritifaa. Mfuko usio na "ng'" hauwezi kuandika "ng'ombe", na mtoto atakayekua bila kuiona alama ile ndogo atasoma "ng'ombe" kama anavyosoma "ngoma".

Kizibo ni duara, na duara halina juu wala chini. Hapa ndipo utakapomtofautisha anayejua na anayejaribu. Kizungushe kizibo cha n, kimekuwa u. Kizungushe cha d, kimekuwa p. Mtoto atapewa kosa ambalo si lake. Fundi huchora mstari mfupi chini ya herufi, kama sakafu yake, ili ijulikane imesimama wapi. Ni kazi ya sekunde moja kwa makapeni, na mimi nikiuona mstari huo huacha kukagua vizibo vingine.

Angalia pia ukubwa wa herufi. Vizibo vingi huandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu zinaandikika kirahisi, ilhali kitabu atakachofungua mtoto kesho kimejaa herufi ndogo.

Neno gani kwa herufi gani

Kadi za "m ni ya mtoto" zimening'inia katika madarasa mengi. Tamka polepole: m-to-to. Piga makofi, ni makofi matatu. Ile m ya kwanza imesimama kama silabi kamili, haikushika irabu yoyote. Mtoto anayejifunza sauti ya m kwa mara ya kwanza anahitaji kuisikia ikiungana na irabu: "mama", "meza", "maji". "Mtoto", "mti" na "mpira" zingoje zamu yake, itakapofundishwa m inayosimama peke yake.

Vivyo hivyo, "n ni ya nyumba" ni kosa, kwa maana sauti ile ni ny. "Ndizi" nayo haifai hapo, kwa sababu n yake imebanwa na d. Anza na "nazi", "nanasi", "nane". Kwa s usichore shoka, chora sabuni. Kwa d usichore dhahabu, chora dirisha. Mambo haya yanaonekana madogo kwa mtu mzima aliyezoea kusoma, lakini Kiswahili kimempa mtoto zawadi ambayo lugha nyingi hazina: tahajia inayokaribia kufuata matamshi moja kwa moja. Kadi mbovu humnyang'anya zawadi hiyo siku ya kwanza.

Sikio litangulie

Watoto wa Pwani wana mchezo uitwao kinyume. Silabi ya mwisho huletwa mbele, wakubwa wasielewe: "soma" inakuwa "maso", "kalamu" inakuwa "mukala". Wapo wanaoongea hivyo kwa kasi ya kutisha kabla hawajajua herufi hata moja. Mtoto wa namna hii ameshalikata neno katika silabi zake kwa mdomo. Kilichobaki ni kumwonyesha kwa jicho alichokwisha kukijua kwa sikio.

Kwa hiyo mchezo mzuri wa kusoma huanza bila maandishi. Mwalimu hutaja neno, watoto huruka kwa kila silabi. Katika hatua hii, mwombe ajaribu "mbuni". Yule ndege mkubwa asiyeruka ni mbu-ni, miruko miwili. Mti wa kahawa ni m-bu-ni, miruko mitatu. Tahajia ni ileile, sikio ndilo linalotenganisha. Mwalimu anayetabasamu na kuupenda mfano huo anaifahamu lugha anayoifundisha.

Wapo pia watoto ambao lugha yao ya nyumbani haitenganishi l na r. Ukiwapa kadi za "kalamu" na "karamu" kabla ya kuwasikilizisha, watabahatisha tu. Weka kalamu halisi upande mmoja wa darasa na sinia tupu la pilau upande wa pili. Taja neno, wakimbilie panapostahili. Siku kadhaa za mbio hizo, ndipo kadi zitolewe.

Mkono na mchanga

Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua Nyumba yake ya kwanza ya Watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwakatia watoto herufi za msasa ili kidole kiijue njia kabla ya kushika kalamu. Kwetu msasa si lazima: gundi ya unga wa muhogo na mchanga uliochekechwa juu ya kipande cha boksi vinatosha.

Kinachopimwa ni kidole, usiitazame herufi. Kinaanzia wapi? Mtoto aliyepapasa d kuanzia chini kwenda juu amejifunza umbo na kukosa njia, na mwandiko wake utamlipisha baadaye. Zana nzuri ina nukta pale kidole kinapoanzia. Katika sinia la mchanga, kina kiwe cha ukucha: ukizidisha, mstari unajifukia, ukipunguza, kidole kinakwaruza bati. Mchanga uwe mkavu na mweupe, chini kuwe kweusi, ili herufi itokeze.

Udongo wa kichuguu unafinyangika vizuri na watoto huupenda, lakini anayefinyanga herufi hujenga umbo tu. Usimhesabie kuwa ameandika.

Hesabu zamu

Sasa gonga kwa saa. Darasa lina watoto 80. Mchezo unamwita mmoja mbele, asome neno, aanike kadi kwenye kamba, apigiwe makofi. Nusu dakika kila mmoja: dakika 40 zimekwisha, na kila mtoto amesoma mara moja. Kwa sehemu kubwa ya muda alikuwa mtazamaji.

Wagawe wakae watano watano kwenye sakafu, kila kundi na rundo lake. Kwa nusu dakika ileile, kila mtoto hupata zamu kila baada ya dakika mbili na nusu, sawa na mara nane kwa dakika 20. Darasa litakuwa na kelele zaidi na picha yake haitapendeza sana mgeni akija na kamera. Kwa hiyo, ukialikwa kutazama mchezo, chagua mtoto mmoja wa nyuma, anayekaa karibu na ukuta. Mhesabie yeye peke yake ni mara ngapi macho yake yamekutana na neno. Namba hiyo ndiyo alama ya mchezo.

Uchakavu

Kipimo cha mwisho hakifanyiki dukani wala siku ya maonyesho. Kinahitaji muda.

Rudi baada ya muhula mmoja, uombe mfuko wa vizibo. Usiulize umetumikaje. Umimine mkekani, utazame wino. Kama herufi zote zimeng'aa sawasawa, mfuko uliishi kabatini na kutoka siku za wageni tu. Lakini mfuko uliochezewa huzeeka kwa mpangilio wa lugha yenyewe. Gh ingali mpya, dh imeguswa kidogo, k na m zimeanza kupauka, i imefifia. Na zile a, ambazo mwalimu alizihesabu nyingi kuliko zote, zimefutika kwa vidole vya watoto hadi bati linaonekana.

Mpe mwalimu huyo makapeni mpya.