Kabla Kafi Halijagusa Maji

Safari ya siku moja ya wanagenzi huanzia kwenye mwezi. Nahodha anayeongoza watu kwa kayaki katika hori la Mida, karibu na Watamu, hakubali siku yoyote kabla hajahesabu tarehe za mwezi mwandamo. Mgeni akimtajia Jumamosi kwa kuwa Jumamosi hana kazi, yeye huuliza kwanza mwezi utakuwa wa ngapi.

Anachotafuta ni maji mafu, yaani siku zilizo karibu na tarehe 8 au tarehe 23 ya mwezi, na ana sababu mbili. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari ya pwani hii huweza kushuka zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa 6 hivi, na maji yote yaliyoingia horini hutoka kwa nguvu kupitia mlango wake mwembamba. Aliyeshika kafi kwa mara ya kwanza hana mkono wa kushindana na mkondo huo. Sababu ya pili ni saa. Wakati wa bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Saa ambayo mtu angetaka kuwa majini, hori limekuwa uwanda wa tope na mizizi ya mikoko. Maji mafu hugeuza hesabu hiyo: maji hujaa asubuhi, saa nne kuelekea saa tano, tena polepole.

Kwa hiyo mpango wake ni huu. Msafara uondoke saa mbili, maji yakiwa bado yanajaa, na uelekee upande wa mlango wa bahari bila kuukaribia. Wanagenzi watapiga kafi dhidi ya mkondo dhaifu wakati miili yao ingali na nguvu. Atakayechoka hatachukuliwa kwenda baharini, kwa maana maji yenyewe yatakuwa yanamrudisha ndani, upande wa nyumbani. Kisha wageuke saa tatu na nusu, kabla maji hayajaanza kutoka. Saa hiyo ya kugeuka huandikwa kabla ya kitu kingine chochote, na mambo mengine yote ya siku hupangwa kwa kuitazama.

Safari niliyoiona ilipangwa mwezi Machi, kaskazi ikiwa imeanza kulegea na kusi bado haijaingia. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi inapovuma kwa nguvu, nahodha huyu hapeleki wanagenzi ila kwenye vichochoro vya mikoko, mahali upepo hauwafikii. Na hata Machi hataki kuwa uwazini saa sita mchana, maana joto la nchi kavu huuvuta upepo wa bahari, na upepo ule ule uliokuwa unapepea asubuhi huja na mawimbi mafupi yanayomgonga mtu ubavuni.

Jioni ya kuamkia safari alivitoa vyombo vyake. Huvihifadhi kivulini chini ya mkungu, vimelazwa ubavu juu ya mikanda mipana, kwa sababu plastiki ikipata joto na kuegemea kitu chenye ncha hubonyea, na chombo kilichobonyea tumboni hakiendi sawa tena. Kila kayaki ina urefu wa mita 4 na nusu hivi. Mbele kwenye omo na nyuma kwenye tezi kuna ghala, na kila ghala limetengwa na tundu la kukalia kwa ukuta wa ndani. Mtu huona maghala hayo ni ya kuwekea chakula. Kazi yake kubwa ni kushika hewa, ili chombo kilichopinduka na kujaa maji kiendelee kuelea.

Ndiyo maana alikaa sana kwenye vifuniko. Aliufuata ukingo wa mpira wa kila kifuniko kwa kidole gumba, akitafuta ufa na chembe za mchanga. Alimimina maji kidogo ndani ya ghala, akafunga, akakilaza chombo kifudifudi juu ya magogo mawili, akaenda kwenye cha pili. Aliporudi alipitisha kiganja chini ya kifuniko kuona kama pamelowa. Kisha akachukua sindano nyembamba, akazibua kitundu kilichomo katika ukuta wa ndani, ambacho mimi nisingekiona kamwe. Chombo kikilala juani, hewa ya ghalani hutanuka. Kikiingia majini hupoa na kusinyaa, na kama haina pa kupumulia itafyonza maji kupitia kwenye kifuniko. Alirudia hivyo kwa vyombo vyote 8: 6 vya wanagenzi, kimoja chake na kimoja cha msaidizi wake, kijana ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho siku nzima.

Baadaye ikaja kamba ya kukokotea. Ina mita 15, ni ya aina inayoelea, na hukaa kwenye mkoba unaofungwa kiunoni kwa mkanda unaofunguka kwa mvuto mmoja. Aliitoa yote, akaivuta kati ya vidole kutafuta nyuzi zilizokatika, akaanza kuirudisha mkobani. Hakuizungusha duara, kwa kuwa kamba iliyozungushwa hutoka na mafundo. Aliishindilia mkunjo juu ya mkunjo, kipande cha urefu wa kidole kila mara, hadi mwisho. Halafu akaivuta nje yote kwa mkupuo mmoja, kama atakavyoivuta mtu akiwa hatarini. Ilitoka safi, na akaanza kuipanga upya. Jua lilikuwa limezama na hapakuwa na aliyemharakisha.

Makafi aliyaosha kwa maji ya kisima, hasa pale vipande viwili vya mpini vinapochomekana, maana chumvi na mchanga huving'ang'aniza. Hapaki mafuta hapo, kwani mafuta huukamata mchanga. Vifaa vingine alivitaja huku akivigusa: pampu ya mkono, sifongo, kafi la akiba, sanduku la huduma ya kwanza, simu ndani ya mfuko usioingia maji, filimbi moja kwa kila jaketi. Maji ya kunywa ni lita 3 kwa kila mtu, nayo huwekwa chini na karibu na katikati ya chombo, kwa kuwa uzito ukikaa omoni au tezini chombo hukataa kugeuka. Chakula kilikuwa mahamri, ndizi na tende.

Watu walifika kabla ya saa moja asubuhi. Alimchukua kila mmoja pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini mambo ambayo mtu hapendi kuyajibu mbele za wengine: unajua kuogelea, bega limewahi kuteguka, una pumu, unatumia dawa gani. Mama mmoja wa makamo alimwambia kwamba anaogopa maji yanayompita kifuani. "Vizuri umeniambia, mama," alisema. "Leo utakaa karibu nami." Nikaona akibadilisha mpangilio wa vyombo papo hapo, bila kumweleza mtu sababu.

Katika kuwapimia vyombo ndipo nilipomstahi zaidi. Wainuit wa Greenland, mabingwa wa kayaki wa tangu zamani, walitengeneza kila kimoja kwa vipimo vya mwili wa mwenyewe, na wanawake walishona ngozi za sili juu ya kiunzi cha mbao kwa mshono usiotoboa ngozi hadi upande wa pili. Nahodha wa Mida ana vyombo vya kiwandani, lakini anauendeleza ustadi ule kwa njia aliyonayo. Mtu huketi chomboni mchangani, mgongo ukigusa egemeo. Nyayo hukanyaga vikanyagio, magoti yakikunjika kidogo na kugusa kingo za juu. Magoti yakinyooka, mtu hana nguvu. Yakikunjika mno, hatoki haraka chombo kikipinduka. Alisogeza vikanyagio tundu moja mbele, akamtazama mtu usoni, akarudisha. Majaketi aliyajaribu kwa kuyavuta juu mabegani: linalofika masikioni hukazwa tena.

Mafunzo ya kafi alianza nayo nchi kavu. Aliwaonyesha kwamba mikono hushika tu, na kiuno ndicho kinachozunguka na kuvuta. Halafu akawapeleka pale maji yanapofika kiunoni, wakiburuta nyayo mchangani ili taa aliyejificha asikanyagwe, na mmoja baada ya mwingine akawapindua. Inama mbele, kandamiza kingo kwa viganja, jisukume utoke, usikiachie chombo. Kisha wao wenyewe wakafanya uokoaji: mwenzako anaipandisha omo ya kayaki yako juu ya chombo chake, maji yanamwagika, anaigeuza, anaishikilia kwa uzito wa kifua chake hadi upande. Yule mama alikataa mara ya kwanza. Nahodha hakumbembeleza wala kumsukuma. Alisimama kando yake majini, kiganja kikiwa juu ya chombo, wengine wakirudia zoezi, hadi alipotikisa kichwa kukubali. Alizama, akatoka akikohoa, akaomba arudie.

Pwani alibaki mzee mmoja na karatasi: majina ya watu, rangi za vyombo, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na nambari ya kupigiwa iwapo saa tano na nusu itapita bila kuwaona.

Saa mbili ilipofika vyombo vyote vilikuwa vinaelea. Nahodha akawapitisha mbele yake polepole, akitazama magoti, kisha akamrudisha kijana mmoja ufukoni. Kikanyagio chake cha kushoto kilikuwa tundu moja nyuma ya cha kulia. Kijana alisema hasikii shida yoyote. Nahodha alimteremsha, akalala kifudifudi juu ya sitaha, akaingiza mkono hadi bega, akakitoa kikanyagio, akasuuza mchanga kwenye reli, akakirudisha mahali pake, akamketisha tena na kumtaka akanyage kwa miguu yote miwili. Wakaondoka wamechelewa dakika 12. Aliwaambia wataishia kwenye kichaka cha mikoko kilicho kabla ya kile alichokuwa amekichagua, na saa ya kugeuka ikabaki tatu na nusu.