Ulinzi au Malezi? Tafsiri ya Neno "Custody"

Neno la Kiingereza "custody" limetokana na Kilatini custodia, yaani ulinzi, kutoka custos, mlinzi. Warumi walilitumia pia kwa maana ya kifungo, na Kiingereza kikarithi maana zote mbili. Kiswahili huzitenganisha: mtoto hulelewa, mshukiwa huzuiliwa. Mkalimani wa mahakama ya Milimani, Nairobi, akimwambia mama wa Kawangware kwamba mwanawe atawekwa "chini ya ulinzi" wa babaye, mama atawaza polisi. Kasoro si ya lugha, bali ya kufuata shina na kuiacha sheria. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyofutwa na ile ya 2022, ililifasili neno hilo kwa haki na wajibu wa mzazi. "Haki ya malezi" hubeba yote mawili, na "ulezi" hubakia kwa mlezi asiye mzazi.