Chemko la Sikinde

Kwa miaka mingi niliijua Mlimani Park kwa redio tu. Bendi hiyo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, na mtindo wake, Sikinde, ulichukua jina la ngoma ya Wazaramo. Nilizipenda nyimbo zake kwa sababu ya maneno. Lile chemko la mwishoni, magitaa yanapokwenda mbio na matarumbeta yakijibizana, nililiona ni nyongeza tu. Aghalabu nilizima redio.

Siku nilipoingia ukumbini kuwatazama ndipo nilipolijua kosa langu. Walipopiga "Neema", watu walitulia vitini wakisikiliza. Mama mmoja jirani yangu alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha magitaa yakabadilika, naye akawa wa kwanza kusimama. Alicheza taratibu, machozi hayajakauka. Chemko halikwisha upesi kama redioni; lilimngoja.

Basi chemko si nyongeza. Maneno humtonesha msikilizaji kidonda. Chemko humwinua, arudi nyumbani ana nguvu. Aliyezima redio katikati, kama mimi, alibaki na kidonda tu.